Chumba cha Baba Kwenye Diski

Kompyuta ya nyumbani kwetu Mbagala ilikuwa na sebule moja na vyumba vitatu. Mafundi wanaviita patisheni, lakini baba hakulipenda neno hilo. Siku fundi alipokuja kuigawa diski, miaka tisa iliyopita, baba alivuta kiti akamsimamia mwanzo mwisho, kana kwamba mtu anachimba msingi wa nyumba yake. Alimwambia, "Kwanza toa sehemu ya mashine yenyewe. Hiyo ndiyo sebule, kila mtu atapita hapo. Halafu toa vyumba vitatu, sawa kwa sawa. Mimi, mama yao, na watoto. Sitaki kelele." Fundi akacheka, akagawa. Mwishoni kikabaki kipande kisicho na mwenyewe. Baba akasema kiachwe, huo ni ua, huenda siku moja tukahitaji kujenga.

Baba alifanya kazi ya kutunza stoo kwenye ghala moja kule Temeke kwa miaka mingi, na kugawa sawa kwa sawa ulikuwa ugonjwa wake. Muwa aliupima kwa kidole kabla ya kuukata. Nyama ya Jumapili mama aliipika, lakini kuipakua ilikuwa kazi ya baba: kipande kwa mama, kipande kwa kaka yangu, kipande kwangu, ndipo anageukia sufuria kuangalia yeye kabakiwa na nini. Mara nyingi ulikuwa mfupa. Aliunyonya kwa raha zake huku akitutania kwamba sisi tumepewa minofu isiyo na ladha.

Vyumba vya kwenye diski kila mtu alivitumia kwa tabia yake. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Njombe, na ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Cha kwake alikijaza nota: do, re, mi, alizozichapa kwa kidole kimoja, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, wimbo baada ya wimbo. Mimi na kaka tulikijaza cha watoto nyimbo za vijana, picha za mpira na barua za kuombea kazi. Baba alikaa mbele ya kompyuta kila jioni baada ya taarifa ya habari, na ukipita nyuma yake unakuta anacheza karata. Ukimuuliza chumbani kwake kaweka nini, jibu lilikuwa lile lile: "Mie sina kitu humo. Kipo tu."

Alifariki, na huu ni mwaka wa tatu. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kawe kwa ajili ya kazi, kaka amejenga Bunju, na mama akabaki Mbagala na kuku wake, kwaya yake na ile kompyuta.

Kilichoiua kompyuta ni flashi za wanakwaya. Kila aliyekuja kuchukua nota alichomeka flashi yake, na kila flashi ilileta virusi vyake. Mashine ikawa inawaka taratibu kiasi kwamba mama anabandika chai, inachemka, anakunywa, anaosha kikombe, ndipo anarudi kuandika. Mwishowe ikagoma kabisa. Akanipigia simu: "Mashine imekufa, mwanangu, na nota za Pasaka zimo ndani."

Sasa niseme ukweli wangu. Mwezi ule nilikuwa nimeweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwenye laptop yangu. Niliweka mara moja, ikakubali bila tatizo, na hiyo mara moja ilitosha kabisa kunifanya nijione bingwa. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wameshaanza kunikwepa kwa jinsi nilivyokuwa nikihubiri habari za mfumo usiosumbuliwa na virusi vya flashi. Kwa hiyo mama aliposema mashine imekufa, mimi nilifurahi. Nikamwambia, "Jumamosi nakuja. Nusu saa tu, mama."

Jumamosi asubuhi nilimkuta sebuleni anapiga pasi majoho ya kwaya, ishirini na mawili, kwa ajili ya ibada ya kesho yake. Ndivyo kwaya yetu ilivyo: majoho hulala kwa mwalimu, na mwalimu ndiye huyanyoosha, kwa sababu mama hamwamini mtu mwingine na mikunjo. Nyumbani kwa jirani palikuwa na shughuli na spika zilikuwa zimeshaanza kupimwa. Nikatoa shikamoo, nikapewa maandazi, nikachomeka flashi yangu yenye Linux.

Nilimweleza mpango. Akanisikiliza bila kuinua macho kwenye pasi.

"Fanya unavyojua," akasema. "Ila chumba cha baba yenu kisiguswe."

"Mama, kile si kitupu? Mwenyewe alikuwa anasema."

"Nimesema kisiguswe. Kama kitupu, kikae kitupu."

Pasi yake ilipita mara tatu mahali pale pale palipokwisha kunyooka. Nikajua kwamba tangu tumzike hajawahi kukifungua, na kwamba hataki kuulizwa. Nikamwahidi sikigusi.

Kuna uzuri mmoja wa Linux: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuugusa mfumo uliomo ndani, ukaviona vitu vyako vyote. Nikaiwasha. Vikatokea vyumba vyetu vitatu kwa majina yake, BABA, MAMA, WATOTO, na mama alipoziona nota zake zipo salama alipiga kigelegele kimoja kifupi, cha kupima sauti. Nikazinakili nota zote kwenye diski ndogo niliyokuja nayo. Cha baba sikukifungua hata kwa kuchungulia. Niliambiwa kisiguswe, nami ni mtiifu. Kwa utii huo, chumba pekee ambacho hakikuwa na nakala kikabaki kuwa hicho.

Nikaanza kusakinisha. Nilitaka Linux ikae kule uani, kwenye kile kipande kisicho na mwenyewe, kila mtu abaki kwake. Programu ikakataa. Nafasi ipo, ikasema, lakini haiwezi kutumika. Nikabonyeza tena, ikakataa tena. Nikaitukana kwa lugha iliyomfanya mama anikoholee kutoka kwenye meza ya pasi. Baada ya kusoma-soma kwenye simu nikaelewa: diski ile ya mtindo wa zamani ina orodha yenye mistari minne tu ya sehemu kuu, na sisi tulishaimaliza yote minne, sebule na vyumba vitatu. Uani hapajengeki mpaka chumba kimoja kivunjwe, kiunganishwe na ua, lijengwe eneo moja kubwa ambalo ndani yake unaweza kukata vyumba vidogo unavyotaka.

Sebule ni finyu mno kwa Linux. Mama hatolewi. Baba haguswi. Wakabaki watoto. Nikampigia kaka yangu Bunju.

"We dada, hebu rudia," akasema. "Mie hapa nyumba haina hata mageti, nahangaika na mafundi, halafu unanipigia kuniambia unanivunjia chumba Mbagala?"

"Ni vitu vya kwenye kompyuta, braza. Nitakunakilia vyote."

"Na zile picha za timu yetu?"

"Zote."

"Na ile barua niliyoandika ya kuomba kazi bandarini?"

"Ulikataliwa!"

"Ni kumbukumbu. Nakili."

Nikanakili timu, nikanakili barua, nikarudi kwenye programu ya kusakinisha nikiwa na kibali cha familia nzima. Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na mtego wenyewe aliutega marehemu kwa haki yake. Kwenye orodha ile majina hayakuonyeshwa. Zilikuwepo namba tu: moja, mbili, tatu, nne. Ya kwanza ndogo, hiyo sebule. Tatu zilizobaki zilikuwa na ukubwa ule ule, kwa sababu mwenye nyumba alitaka sawa kwa sawa na hakutaka kelele.

Kwa akili yangu haikuwa ngumu. Kwetu ukiandika majina unaanza na baba, unafuata mama, halafu watoto kwa umri wao. Ndivyo yalivyoandikwa kwenye daftari la mtaa, ndivyo yalivyo kwenye kadi za mwaliko, ndivyo tulivyokaa kwenye picha ya studio iliyotundikwa juu ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo mbili ni baba, tatu ni mama, nne ni watoto. Na namba nne ndiyo iliyopakana na ua. Pembeni ya kila namba kulikuwa na tarakimu nyingine, za kuonyesha nafasi iliyotumika. Niliziona. Sikuzisoma.

Nikafuta namba nne. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Hilo ndilo swali ninalolichukia kuliko yote duniani. Akiniuliza mtu nakasirika, sembuse mashine. Nikabonyeza ndiyo.

Kabla sijatoa kidole, kioo kikawa cheusi. Feni ikasimama. Spika za jirani zikaendelea kulia kama kawaida, kwa hiyo ilikuwa ni kwetu peke yetu.

"Umeme umekwisha," mama akasema, huku pasi ikiwa mkononi. "Pasi imezimaliza uniti zote."

"Mama! Ungeniambia zimebaki chache!"

"Wewe ulisema nusu saa."

Akanunua uniti kwa simu, nikasimama mimi kwenye mita na yeye akanisomea tarakimu nne nne, kwa sauti ya ualimu, akinirudisha mwanzo kila nilipomtangulia. Nilikuwa nimefura kama andazi. Umeme ukarudi, akarudi kwenye pasi, nami nikaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi ili niendelee nilipoishia.

Vikatokea vyumba viwili: MAMA na WATOTO.

Nikahesabu tena, kana kwamba viwili vinahesabika vibaya. Nikafungua WATOTO. Timu ya mpira ilikuwepo, imechuchumaa na jezi zake, barua ya bandarini ipo. Chumba cha baba ndicho kilichokuwa hakipo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia kaka yangu. Nilifikiria kunyamaza. Kile chumba kilikuwa kitupu, mwenyewe alisema. Mama hakifungui. Ningeweza kutengeneza kingine chenye ukubwa ule ule, nikakipa jina BABA kwa herufi kubwa, na hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia. Kwa muda ambao mama alinyoosha majoho mawili, mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo, na nilishaanza hata kutafuta pa kubonyeza.

"Vipi, imekubali?" mama akauliza.

Nikageuka. Uso wangu haujawahi kunitunzia siri tangu nizaliwe. Akaiweka pasi chini.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta chumba cha baba. Nilidhani ni cha watoto."

Niliogopa angepiga kelele. Hakupiga. Aliichomoa pasi ukutani, akaja akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha baba, akakitazama kioo chenye majina mawili. "Nilikuambia jambo moja," akasema. "Moja tu." Na mimi, mtu mzima mwenye cheo ofisini, nikalia.

Yeye ndiye aliyezinduka kwanza. Akaenda kuchukua daftari lake la namba za simu na kumpigia yule fundi aliyeigawa diski, ambaye bado ana duka lake upande wa pili wa barabara ya Kilwa. Akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama," fundi akasema.

"Marahaba. Huyu mwanangu kanifutia chumba cha marehemu."

Fundi akauliza nilibonyeza nini, kisha nini kikatokea, na nilipofika kwenye pasi kumaliza umeme akacheka sana. "Sista, mshukuruni aliyekuwa anapiga pasi. Umefuta mstari tu kwenye orodha. Mashine ilikuwa bado haijaanza kusafisha ndani. Vitu vipo pale pale vilipokuwa, vimekosa jina tu. Usiandike kitu chochote juu yake, nakuelekeza."

Nilitaka kujitetea. "Lakini fundi, kwa nini baba ulimweka wa mwisho? Mie nilihesabu baba, mama, watoto."

"Alitaka mwenyewe. Mie nilianza na yeye, akanifutisha. Akasema anza na watoto, halafu mama yao, mie niweke mwisho huko karibu na ua. Siku wakikosa nafasi, waanze kunivunja mie."

Mimi nilikuwa nikiitazama picha ya studio na kujiona mjinga. Mtu aliyejipakulia mwisho kila Jumapili ya maisha yangu, nami nikadhani kwenye diski angejitanguliza.

Fundi akanitajia programu ambayo kazi yake ni kupita kwenye diski yote, mwanzo hadi mwisho, ikitafuta mipaka ya zamani iliyofutwa. Nikaianzisha. Ikawa inasogea asilimia moja, inapumzika, inasogea nyingine. Mama akakataa kuondoka pale kwenye kiti. Chakula cha mchana tulikula hapo hapo, wali na mchicha, sahani mapajani, macho kwenye tarakimu. Jirani walikuwa wamefungulia muziki wa singeli, na kila ikipanda mama alikuwa akisema wanaimba nje ya sauti. Ilipofika asilimia tisini na kitu ukatokea mstari mmoja mpya, na mwisho wa mstari herufi nne: BABA.

Nilipiga ukelele uliowafanya kuku watawanyike uani. Nikauandika mstari ule kwenye orodha, safari hii nikisoma kila neno mara mbili, na nilipoulizwa kama nina uhakika nikamgeukia mama, naye akaitikia kwa kichwa. Nikawasha upya. Vyumba vitatu.

"Kifungue," mama akasema.

"Si ulisema kisiguswe?"

"Nitajuaje kama kimerudi chenyewe? Fungua."

Ndani mlikuwa na folda moja tu, jina lake STOO. Nikaifungua. Zikashuka rekodi za sauti, safu kwa safu, kila moja imepewa jina kama alivyokuwa akiandika kadi za mizigo ghalani: "maandazi jumanne asubuhi". "kufua mashuka, wimbo mrefu". "mvua, ameimba kidogo". "mchicha, sauti ya pili peke yake". Kumbe zile karata zilikuwa geresha, za kufungua mtu anapopita nyuma yake.

Nikabonyeza ile ya maandazi. Mafuta yalisikika yakichemka, na mama akiimba jikoni, sauti yake ya miaka sita au saba iliyopita, akirudia mstari mmoja ambao haukumkalia vizuri. Halafu karibu kabisa na simu aliyorekodia, kwa kunong'ona, sauti ya baba: "Hajui." Kisha baba akajaribu kumfuata kwa besi, chini chini, na kusema kweli ilikuwa besi mbaya, haikuwa kwenye wimbo ule wala wimbo wowote. Jikoni mama akanyamaza. "Nani huyo ananiharibia?" akauliza. Na baba akajibu, "Redio."

Mama alicheka mpaka akainama. "Redio!" akasema. "Ile siku nilitoka nikaenda kuizima, nikaikuta imezima. Nikadhani nazeeka!" Alicheka huku machozi yakimtoka, akayafuta kwa mkono wa joho la kwaya lililokuwa begani, lile lile alilokwisha kulinyoosha. "Besi yenyewe hajui, jamani. Miaka yote ile, hata besi hajui." Akaniambia nirudie. Nikarudia mara nne.

Tulipotulia nikakumbuka kilichonileta. Kompyuta ilikuwa bado haina mfumo. Nikamwambia sasa nimeshajua namba ya kila mtu, nitavunja cha watoto kama tulivyokubaliana na kaka, na Linux niiweke humo humo badala ya uani.

"Usivunje cha mtu," mama akasema. "Chukua changu."

"Chako? Na nota zako?"

"Zihamishie kwa baba yako. Miaka thelathini na nane tumelala chumba kimoja, leo mashine ndiyo itutenganishe?"

Nikahamisha. Ilichukua muda kidogo, nyimbo zilikuwa nyingi, za Pasaka zikiwa mbele. Kisha Linux ikaingia kwenye chumba kilichokuwa cha mama, bila ugomvi, kwa nusu saa kamili, nami sikuthubutu kulisema hilo kwa sauti. Kabla ya kumaliza nilimuuliza nota zake nizipe folda gani mle kwa baba, nitengeneze mpya yenye jina lake au vipi.

Alikuwa amerudi kwenye pasi, yamebaki majoho manne.

"Weka humo humo stoo," akasema. "Atazitunza."